Siku Nilipowarudishia Wakwe Zangu Picha Zao

Hii hadithi mke wangu hapendi niisimulie, na kusema kweli hata mimi siipendi, lakini mmeniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi mtu akija dukani na kompyuta kwapani akisema "imekula picha zangu" mimi natafuta sababu ya kujifanya nimefunga, kwa hivyo kaeni niwaambie mara moja na tusirudie tena. Niliaibisha mtu. Kuaibika mwenyewe ningezoea (mtu aliyewahi kuanguka na sahani ya pilau mbele ya kwaya ya kina mama anazoea kila kitu), lakini hapa nilimwaibisha mtu mzima, mama wa watu, ndani ya nyumba yake, kwa tivi yake mwenyewe. Na huyo mtu ni mama mkwe wangu.

Duka langu liko Kwa Vonza, mnalijua, pale natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti na kuwawekea wanafunzi nyimbo kwa flashi. Kwa wakwe zangu, nje kidogo ya mji wa Wote, nilikuwa naitwa "mtu wa kompyuta", na hilo jina nililipenda kuliko nilivyostahili, kwa sababu shemeji yangu Kimanzi, kaka ya mke wangu, ana kazi ya ofisini na gari na tumbo la mtu anayesikilizwa, na mimi nikifika pale kitu pekee cha kuniinua ni kwamba simu ikikwama au tivi ikikataa chaneli, ni mimi naitwa. Ukweli ni kwamba nusu ya ninachojua nilijifunza nikiharibu mashine za watu wavumilivu, lakini hilo wakwe hawakuwa na haja ya kulijua.

Baba mkwe wangu alikuwa afisa wa kilimo, na baada ya kustaafu akanunua kamera, na akishanunua kamera basi hatukupumzika tena. Harusi, ubatizo, mbuzi aliyezaa mapacha, machungwa yaliyoiva, machungwa yaliyooza, kila kitu mzee alipiga, halafu jioni anakaa kwa kompyuta yake ya mezani pale sebuleni anazihamisha, anazipanga kwa mwaka na kwa shughuli, akimaliza anaifunika ile mashine na kitambaa ambacho mama alikishona mwenyewe. Picha zilikuwa maelfu kwa maelfu na zote zilikaa pale tu, hakuna mahali pengine. Na kwa vile mzee ndiye alikuwa nyuma ya kamera kila siku, yeye mwenyewe haonekani. Alipokufa ghafla, moyo ulisimama tu akiwa shambani, ilibidi ile picha ya jeneza itolewe kwa kitambulisho na kukuzwa, na mzee wa watu akatokea amekunja uso hadi ungedhani ameitwa kituoni kuandikisha taarifa. Mama mkwe aliiangalia siku ya mazishi akasema, "Huyu si bwana yangu," na watu wakadhani ni uchungu unaongea.

Sasa mwaka ukapita, ikapangwa ibada ya ukumbusho, Jumamosi, pale nyumbani, wachungaji na majirani na kina mama wa kanisa, na Kimanzi akasema safari hii tutafute picha ya mzee akicheka, tuikuze, ikae mbele na baadaye iwekwe kaburini. Picha yenyewe ilikuja kukumbukwa baada ya mazishi, ni moja ambayo mke wangu Mwende aliipiga, babake akiwa amembeba mtoto wetu Mumo, mzee akicheka mpaka macho yamepotea. Kimanzi akafungua kompyuta kuitafuta, zile picha zote zikiwa zimefunguka mbele yake, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi kwa nguvu ile ya kuunguza balbu, na mashine ilipowaka ikasema haioni chochote, diski inataka kufutwa na kuanzwa upya. Akanipigia simu. "Mkwe," akasema (Kimanzi kuniita mkwe kwa upole hivyo, nilijua kuna shida), "tafadhali kuja. Hizi picha zikipotea mama atakufa."

Hapo lazima niwaeleze kitu, nyinyi ambao hamjaoa Ukambani. Sisi tuna nthoni, ile heshima ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe wangu simpi mkono. Siketi karibu naye, sili naye sahani moja, chumba chake cha kulala sijui hata mlango umepakwa rangi gani. Akipita nasimama kando, na yeye akitaka kuniambia kitu anamwambia Mwende, "Mwambie Baba Mumo," hata kama niko pale pale nasikia. Vijana wa siku hizi wanacheka hayo mambo na hata kanisani wengine wanasema yamepitwa, lakini mimi nilikuwa nayashika kabisa, na nilijivunia, kwa sababu ndivyo mama mkwe alivyonipenda. Shangazi Kalekye, dadake mzee, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba wakwe wa siku hizi ni wa kelele lakini huyu wa Mwende ana nthoni ya zamani. Mtu akikusifu hivyo unaanza kutembea polepole hata ukienda dukani.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya ibada, mimi na Mwende tukafika asubuhi. Nyuma ya nyumba kina mama wa kanisa walikuwa wameshaanza, hema linasimamishwa, wengine wanachambua mchele, muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, umewekwa kwenye moto. Nikaketi kwa kompyuta ya mzee, nikatoa kitambaa nikakikunja vizuri (kwa nthoni), nikachomeka diski yangu ya nje na programu ninayotumia ya kurudishia vitu vilivyopotea. Hiyo programu inafanya hivi: inapita ndani ya diski iliyoharibika kuanzia mwanzo hadi mwisho, haijali majina wala mpango, kila inachokitambua kuwa ni picha inakiokota na kukipa namba. Inaokota picha nzima, inaokota picha nusu ambayo chini ni kijivu kitupu, na inaokota pia zile ambazo mtu alizifuta zamani akadhani zimeenda. Hilo la mwisho nililijua. Nawaambia mapema ili msije mkanitetea.

Ilichukua muda mrefu, ile mashine ni nzee na diski ilikuwa inalia chini chini, na mimi nimekaa pale natoka jasho nikijifanya nimetulia. Ilipofika karibu na saa za chakula vipicha vidogo vikaanza kujipanga kwenye skrini, vidogo kama kucha, na Mwende aliyekuwa amesimama nyuma yangu akanishika bega akapiga kelele, "Ipo! Baba Mumo, ile pale! Baba na Mumo!" Na kweli ilikuwapo, chini kabisa, mzee anacheka. Kimanzi akaja mbio, shangazi akapiga kigelegele, kina mama kule nje wakauliza kuna nini wakaambiwa mzee amepatikana. Mimi nikajinyoosha kwenye kiti nikasikia kifua kimepanuka. Ningeichukua hiyo moja peke yake, niiweke kwa diski yangu, nifunike mashine na niende kula, na leo ningekuwa mkwe bora katika kaunti mbili.

Lakini nikasema hapana, turudishe zote. Nikabonyeza zote, ikaanza kuhamisha moja moja kwa mpangilio wa zile namba, na ile ya mzee ilikuwa mbali sana mwishoni. Shangazi Kalekye, ambaye hajui kungoja, akasema, "Sasa kwa nini tukae tukiangalia namba? Si tuone hizo zimefika?" Kimanzi akaleta waya wa kuunganisha kompyuta na ile tivi kubwa ya ukutani. Mwende ndiye alisita. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini, "Si uziangalie kwanza wewe? Hujui kuna nini hapo."

Na mimi, wandugu, nikamjibu hivi, nayakumbuka maneno yangu: "Mimi nianze kuchungulia mambo ya nyumbani kwenu peke yangu kama mwizi? Hizo ni picha za baba na mama. Tutaziona wote pamoja, mbele ya kila mtu." Nilisema kwa sauti kidogo ili shangazi asikie. Shangazi alisikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliona ni heshima, na mpaka leo nikiwaza naona ilikuwa heshima ya kweli, si unafiki, ndiyo sababu inaniuma hivi.

Nikaweka picha zijipitishe zenyewe kwenye tivi. Watu wakajaa sebuleni, kina mama wa kanisa wakasimama mlangoni wakiwa na aproni na visu mikononi. Mwanzoni ilikuwa raha. Ikapita miche ya michungwa. Ikapita harusi ya jirani, kila mtu akicheka mavazi. Ikapita Kimanzi akiwa mwembamba (watu walipiga makofi). Ikapita picha nusu, kichwa cha mchungaji na chini kijivu, shangazi akasema huyo, Bwana ametangulia kumchukua miguu, tukacheka mpaka machozi. Ikapita kivuli cha mzee kimelala shambani na mikono imeinua kamera, na pale shangazi akaita kwa nguvu kuelekea jikoni, "Mama Mwende! Wacha hayo mambo ya unga, kuja uone bwana yako!"

Mama mkwe akaja. Alisimama kwa mlango wa kutoka jikoni, mbali na mimi inavyotakiwa, mikono ina unga, leso begani. Nikainamisha macho kwa heshima. Kwa hivyo picha iliyofuata mimi sikuiona kwanza, nilisikia chumba. Mtu aliyekuwa anacheka akaacha katikati. Sufuria ikawekwa chini pole pole. Halafu shangazi akasema kwa Kikamba, sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Nĩ kyaũ?" Ni nini.

Nikainua macho. Kilikuwa chumba cha kulala. Mama mkwe amekaa ukingoni mwa kitanda, leso imeshushwa mpaka kiunoni, uso ameugeuza dirishani, na upande mmoja wa kifua umevimba na kupasuka, kidonda, siwezi kusema zaidi na nyinyi msiniulize. Nyuma yake kulikuwa na kabati lenye kioo, na ndani ya kioo alikuwa mzee. Mzima, uso wote, safi kuliko picha yake yoyote niliyowahi kuiona. Ameshika kamera kifuani, anaangalia chini kwenye kile kiskrini chake, na analia.

Mimi nikabonyeza kitufe cha kupitisha. Haikupita. Ile mashine ilikuwa inahamisha maelfu ya picha na wakati huo huo inaonyesha nyingine, ikalemewa, ikakwama pale pale. Nikabonyeza cha kufunga. Nikabonyeza vyote. Kimanzi alikuwa anasema "Zima, zima, zima hiyo kitu," bila kusimama, ameangalia sakafu, kwa sababu hata yeye ni mtoto wa kiume na hawezi kuangalia. Rimoti ya tivi haikuonekana, shangazi alikuwa ameikalia na hakuna aliyejua. Nilitaka kusimama mbele ya tivi nizuie na mwili wangu lakini mama mkwe alikuwa ameshaanza kutembea kwenda huko, na mimi siwezi kumkaribia, na siwezi kumgusa, na siwezi hata kumuita, kwa hivyo nikabaki nusu nimesimama nusu nimeketi, nikishika kipanya ambacho hakifanyi kitu.

Alitembea katikati ya watu bila haraka. Akatoa leso yake begani akainua mikono, ile mikono ina unga, akaifunika tivi. Lakini leso ni nyepesi na tivi ile ina mwangaza mkali, na picha ikaonekana ndani ya maua ya leso, hafifu, lakini inaonekana. Akasimama pale ameishika pembe mbili, mgongo kwetu. Hapo ndipo nikarukia ukuta nikang'oa plagi.

Nikasikia ile diski ya mzee ndani ya kasha ikigonga, tik, tik, tik, halafu ikanyamaza. Diski inayokufa haifai kukatiwa stima ikiwa kazini, hilo ndilo somo la kwanza kabisa katika hii kazi yetu, na mimi nimewahi kulifundisha. Haikuwaka tena. Niliipeleka baadaye kwa watu wanaojua kuliko mimi, wakaifungua wakaifunga. Kilichobaki siku ile cha zile picha za mzee kilikuwa fungu la kwanza ambalo lilikuwa limeshafika kwenye diski yangu ya nje: miche ya michungwa, harusi ya jirani, Kimanzi mwembamba, na ile. Mzee akicheka na Mumo hakuwa amefikiwa.

Mwende alimchukua mamake wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Kina mama wa kanisa wakarudi kwa moto wao mmoja mmoja, na kazi yote ya jioni ile ilifanywa bila mtu kuimba, na nyinyi mnajua kina mama wa kanisa hawapiki bila kuimba. Kimanzi akatoka nje akakaa ndani ya gari lake. Mimi nikafunika kompyuta iliyokufa na kile kitambaa, nikanyoosha pembe zake, sijui kwa nini nilinyoosha. Shangazi ndiye alibaki na mimi, akasema bila ukali, "Utaleta mbuzi, Baba Mumo." Nikasema nitaleta. "Si kwa ubaya wako. Ni kwa sababu umeona." Nikasema nimeelewa, shangazi.

Kesho yake ibada iliendelea, na mbele ya watu ikawekwa ile picha ya kitambulisho. Mama mkwe aliwasalimia wageni wote, akawashukuru wachungaji, akaketi na leso amejifunga mpaka shingoni, jua lile la Makueni likichoma. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mapipa ya maji na kila mwanamke aliyepita alinisalimia kwa macho chini. Nilitamani mtu mmoja anitukane. Mwende siku hiyo hakuniita Baba Mumo hata mara moja, aliniita jina langu la kuzaliwa ambalo ameshaacha kulitumia.

Mbuzi wa kurudisha nthoni nilipeleka. Kimanzi na wazee wakamchinja, wakala, tukasema maneno ya kusameheana. Mama mkwe alituma shukrani kupitia kwa shangazi lakini nyama hakuionja.

Halafu ikaanza ile sehemu mbaya zaidi, ambayo ni kusifiwa. Kwa sababu Mwende na Kimanzi walimpeleka mama hospitali wiki ile ile, akapimwa, ikawa ni ule ugonjwa ambao tayari mmeshaufikiria, na daktari akasema wamechelewa lakini kuna cha kufanya. Wakaanza matibabu. Ikajulikana kwamba mzee na mama walikuwa wakijua. Mtu fulani wa dawa za miti alikuwa anawapa kitu cha kupaka, na mzee alikuwa anapiga picha ili waangalie kama uvimbe unapungua, wakishaangalia anazifuta. Haukupungua. Mzee akafa, mama akabaki nao peke yake mwaka mzima wa kuomboleza. Sasa watu wakageuza hadithi. Shangazi Kalekye alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu anatumia hata mashine mbovu, na kwamba kama si mkwe wao, Mama Mwende angekufa na siri yake. Watu wakasema amina. Kimanzi alinipigia akasema, "Mkwe, nilikasirika, lakini ulimuokoa mama." Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujichukia, nikaanza kuamini kidogo. Nilianza hata kulala vizuri.

Siku moja Mwende akaja dukani akasema mamake anataka kitu. Anataka uso wa mzee kutoka kwa ile picha. Nikamwambia Mwende mimi hiyo siifungui. Akasema, "Hukuulizwa ufungue." Nikampa diski, nikamwonyesha kwenye picha ya paka jinsi ya kukata kipande na kukikuza, nikatoka nje nikateremsha mlango wa bati, nikasimama barabarani mwa Kwa Vonza mchana kutwa nikiwaambia wateja tumefunga wakati wanasikia mashine inanguruma ndani. Alipomaliza alikuwa amelia. Alikuwa amechapa uso wa mzee peke yake, na ile asili akawa ameifuta, na diski yangu akaiweka kwa ndoo ya maji. Picha ya uso nikaitia kwenye fremu.

Tuliipeleka Jumapili. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, amevaa kofia ya sufu kwa sababu nywele zilikuwa zimeenda, amekuwa mdogo. Mimi nikasimama chini, kwenye ua, mbali. Mwende akampa fremu. Aliiangalia muda mrefu, mzee ameinamisha uso na mashavu yameloa, akasema, "Huyu ndiye bwana yangu." Halafu akasema iwekwe hiyo kaburini, na Kimanzi akataka kubisha, kwamba watu watauliza kwa nini mzee analia, akanyamazishwa kwa mkono.

Nikafungua mdomo. Sikupaswa lakini nikafungua. Nikasema, "Mama, pole sana. Lakini tunashukuru Mungu ilijulikana."

Aliniangalia. Tangu nioe Mwende sikuwahi kuangaliwa na yule mama moja kwa moja, na hakusema "mwambie Baba Mumo". Akaniambia mwenyewe.

"Baba Mumo, ingejulikana Jumapili."

Sikuelewa. Mwende pia hakuelewa, akauliza, "Jumapili gani, mama?"

"Ile. Ibada ingeisha Jumamosi, wageni waende. Jumapili nilikuwa niwaite nyinyi wawili, wewe na Kimanzi, niwapikie chai, niwaambie. Mwaka wa baba yenu ulikuwa umeisha, sikuwa na cha kungoja. Nilikuwa nishajua hata nitaanza na nani." Akaigeuza fremu ikalala mapajani, uso chini. "Nilikuwa nimevaa vizuri kwa akili yangu. Nilikuwa niwaambie nikiwa nimevaa."

Kuku walikuwa wanapita barazani. Baadaye aliomba maji, Mwende akaenda kuleta, na mimi nikabaki pale uani kwa sababu sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka.

Kwa hivyo ndiyo hiyo. Sikumuokoa mtu. Nilimtangulia kwa siku mbili, na nikamwonyesha uchi kwa watoto wake na kwa kanisa, na picha za mzee nikazimaliza. Bado anatibiwa, wiki nyingine ni nzuri na wiki nyingine haamki. Shangazi bado anatoa ule ushuhuda, na hakuna anayemwambia aache, na watu bado wananishika mkono nje ya kanisa wakisema Mungu akubariki kwa ile kazi.

Mashine za watu bado naziangalia, kwa sababu lazima watoto wale. Lakini mtu akinijia na picha zilizopotea namuuliza ni ipi anataka, naitafuta hiyo, nampa hiyo, na ile programu naizima hapo hapo. Wengine hukasirika, huniambia mtu wa kompyuta wa mjini angerudisha zote. Nawaambia waende kwake. Kama mtu alifuta kitu, alikuwa na sababu yake, na kama anataka kijulikane atakisema mwenyewe, siku anayotaka yeye, akiwa amevaa.